Rangi Iliposhika Jichoni mwa Baba

Nianze na aibu yenyewe niitoe njiani, maana nikiichelewesha mtadhani ni kubwa kuliko ilivyo, na jinsi ilivyo inatosha: nilimwambia baba yangu "chungulia" wakati jicho lake lilikuwa na vyuma ndani. Si karibu na jicho, ndani. Lakini huo ulikuwa ujinga wa pili. Wa kwanza, uliouzaa huo, ni kwamba asubuhi ile nilimtazama sista wa thieta, kule chumba cha upasuaji, usoni, mzima, sina homa, nikamwambia kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza. (Mwalimu wangu wa darasa akifika hapa, naomba akae kwanza.)

Sasa nieleze tulivyofika huko, na mnivumilie nikirukaruka, kwa sababu kwetu sisi tangu tutoke Kudhaa, kisiwa chetu kule ng'ambo ya mpaka, hakuna anayejua kutulia. Mama hulala na furushi limefungwa tayari kando ya mto, utadhani chumba chetu cha kupanga hapa Mombasa nacho kitavamiwa kabla ya chai, mimi mguu wangu wa kulia hutikisika wenyewe darasani mpaka dawati linahama, na baba, ambaye kule kisiwani aliweza kuchuchumaa mbele ya ubao mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kusema neno, huku alikuwa akizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba ni fundi wa mashua. Siku watu wa bunduki walipokuja Kudhaa (sitaki kusema wa upande gani, maana walikuja wa pande zote kwa zamu na wote walikuwa na njaa ileile) walitaka mashine ya boti ambayo walisikia ameificha. Baba akawaambia hana. Mmoja aliyejiviringisha kitambaa usoni, yakabaki macho tu, akampiga kwa kitako cha bunduki hapa, juu ya shavu la kulia. Mashine kweli hakuwa nayo, alikuwa ameshamrudishia mwenyewe, lakini nani angengoja maelezo. Tukaondoka na tulichovaa, Ras Kamboni, kisha Kiunga, kisha huku, na uvimbe ukaisha njiani, tukasema alhamdulillahi, limekwisha.

Halikwisha. Baba alipata kazi ya kumtengenezea mvuvi mmoja mashua, akachagua mbao, akapima, akakata, akagongomea, na ilipokamilika upande mmoja ulikuwa umevimba kama shavu la mchu mwenye jino bovu. (Mchu ndiye mtu, hivyo ndivyo tusemavyo sisi, na sibadiliki kwa ajili yenu.) Yule mvuvi, mstaarabu sana, aliizunguka mara mbili akasema, "Fundi, hii haitakwenda na kurudi. Itakwenda na kuzunguka." Baba akamjibu kwamba imenyooka. Akasema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekuambia leo Jumatatu. Hapo mama akanitazama, nami nikamtazama mama, na mguu wangu ukaanza.

Tulipomziba jicho la kushoto tukagundua kwamba kwa lile la kulia hakuna kitu kilichonyooka tena duniani. Mlango ulikuwa na tumbo. Mnara wa msikiti ulikuwa na kiuno. Mama mwenyewe, baba alisema, alikuwa amepinda kidogo kuanzia begani (mama hakuipenda hiyo, na baba hakuwa anatania; baba hakutania hata mara moja tangu tuvuke mpaka). Na fundi wa mashua asiyeuona mstari ni sawa na mpishi asiyeonja. Hiyo ndiyo kazi yake, hana nyingine, na sisi hatuna baba mwingine wa kutulisha.

Daktari wa macho tuliyepelekwa kwake alikuwa mama mmoja mfupi kutoka bara, mwenye sauti ndogo na mikono isiyofanya haraka. Akamweleza baba bila kumficha.

"Mzee wangu, nyuma ya jicho lako pana kitambaa kinachopokea picha. Lile pigo limeotesha utando juu yake, na utando umejikunja ukakivuta kitambaa, kama shuka lililokaliwa. Ndiyo maana mistari inapinda."

"Si uutoe."

"Nitautoa. Shida ni kwamba hauonekani. Ni mwembamba kuliko ile ngozi ya ndani ya yai, na ni mwangavu kama maji. Kwa hiyo nitamwaga rangi ya buluu humo ndani, tone tu, ningoje kidogo, kisha niioshe. Utando utashika rangi. Nikiuona ukingo wake nitaushika kwa kikoleo kidogo niumenye. Bila rangi ningekuwa napapasa, na huko si mahali pa kupapasa."

Baba akageuka kwangu. Nilikuwa sijauona uso ule tangu kisiwani.

"Kumbe ni ngeu," akasema.

Ngeu, kwa wale ambao baba zao wana kazi za ofisini, ni ule uzi wa fundi unaochovywa kwenye udongo mwekundu. Unaushika huku, mwenzio anaushika kule, unavutwa juu ya ubao, unaachiwa, pap, na mstari mwekundu unabaki pale pa kukatia. Mimi nimemshikia baba ngeu tangu sijaota meno ya mbele ya pili. Na kwetu pana utaratibu: yeye hulala kifudifudi upande wake, amebana uzi kwa dole gumba, uso ameulaza pembeni na macho ameyafumba ili vumbi lile jekundu lisimwingie. Mimi nikiona mstari umetoka vizuri humwambia, "Imeshika, baba, chungulia," naye huinua kichwa palepale, hufungua jicho moja, na kuutazama mstari mpaka mwisho wake. Miaka yote hiyo. Hakuwahi kunisikia nikisema hivyo akabaki amelala.

Nadhani mmeshaanza kuona ninakokwenda. Mimi sikuona.

Mara ya kwanza baba alipopelekwa thieta alirudi kwa miguu yake mwenyewe, kanzu ya hospitali imefunguka nyuma, na sista anamkimbilia. Alikuwa amelazwa kitandani, watu wakamwinamia, wote wamefunika nyuso, yamebaki macho tu. Aliinuka akatoka. Nami ambaye ningemcheka hata askofu akiteleza kwenye ngazi, hapo sikucheka.

Mama akamweleza daktari kisa cha kitako cha bunduki. Daktari akafikiri, akasema barakoa haziwezi kuvuliwa, lakini dawa ya ganzi hupigwa pembeni mwa jicho na mgonjwa hubaki macho, anasikia. Basi pengine akiwa na sauti anayoijua ya kumshikilia atatulia. Mama hakuweza, akiona damu ya samaki tu hugeuka. "Huyu kijana je?" sista akauliza, akinitazama mguu. "Anajua kunyamaza?"

Na hapa ndipo uamuzi wangu mdogo ulipotokea. Asubuhi ile tulikuwa na mtihani wa Kemia. Sikuwa nimesoma. Tena, nawaambieni ukweli, nilishaona jinsi nitakavyorudi shuleni nikasimulie kwamba nimekaa ndani ya thieta nikaona jicho la mtu likifunguliwa, na darasa zima litasahau kwamba mimi ndiye yule mkimbizi anayesema mchu. Nikasema, "Mimi? Sista, mimi ni mtu wa kunyamaza." Mama alifungua mdomo. Kisha akaufunga, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Wakanivalisha kanzu ya kijani ya mtu mwenye mwili wa watu wawili, kofia ya plastiki kama ya kuogea, na viatu vikubwa hivi kwamba nilikuwa naingia chumbani mimi kwanza halafu viatu vinafuata. Daktari akanisimamisha mlangoni.

"Kazi yako ni sauti tu. Mpe maneno ya kawaida, polepole. Nikiinua kidole, unanyamaza. Na usimwambie afanye kitu chochote. Akitikisa kichwa wakati niko ndani anaweza kulipoteza jicho lote. Umenielewa?"

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma, nilielewa kabisa.

Nikakaa kwenye kistuli kando ya mkono wa baba. Uso wake wote ulikuwa umefunikwa kitambaa chenye tundu moja, na ukutani palikuwa na televisheni inayoonyesha kile daktari anachokiona kwenye hadubini: duara kubwa la rangi ya chungwa lenye vimishipa, kama jua likizimika kwenye bakuli. (Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Chumba cha pili palikuwa na wanafunzi wa udaktari, chumba kizima, wanatazama picha ileile, na sauti wanasikia. Kumbukeni hilo.)

Mwanzo nilikuwa hodari. Nilimsimulia baba kwa sauti ya chini habari za paka wa msikitini kule kwetu aliyekuwa akiiba samaki kwenye chungu akaacha kifuniko kama alivyokikuta, nikamwambia jinsi mama anavyogombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia, nikamwambia kwamba sista ana soksi zisizofanana. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kizito mkononi mwangu, hakitetemeki. Daktari akapitisha chombo chembamba chenye taa, na kingine, na jicho likawa na mwanga ndani kama nyumba. Nikatazama nikashangaa kwamba huko ndani mwa baba ndiko mimi ninakoonekana.

"Naweka rangi," daktari akasema.

Kwenye televisheni wingu la buluu likatoka kwenye ncha ya bomba, likajiviringisha, likatanda, mpaka chini kote hakuonekani. Halafu chini ya kitambaa baba akaanza kusema, mdomo tu unasogea.

"Shee, mwanangu. Naona buluu."

Nikamwangalia daktari. Kidole hakijainuliwa.

"Ni rangi, baba."

"Ni ule mkondo wetu, baina ya Kudhaa na kisiwa cha Ngumi, maji yakijaa. Vilevile hasa. Kule kwenye kina."

Sasa mnielewe. Huyu ni mtu ambaye tangu tuondoke hakulitaja jina la Kudhaa. Mtu akilitaja mbele yake alikuwa akitoka nje akazunguke ua. Na leo analala na sindano jichoni anauona mkondo. Mguu ukaanza chini ya kistuli, na nikawa sijui niko wapi, thieta au kwenye mchanga wa kwetu mbele ya ubao. Daktari akaiosha ile rangi, maji yakapita, buluu ikaondoka yote, ila pale katikati pakabaki kipande, kimekunjika, chenye ukingo wazi kabisa, buluu juu ya chungwa, ambacho dakika iliyotangulia hakikuwepo machoni pa mchu yeyote.

"Imeshika," daktari akamwambia msaidizi wake, taratibu, kwa furaha yake ndogo.

Na mimi, mtu wa kunyamaza, nikasema kwa sauti ya uwanjani, ile sauti inayotakiwa ivuke urefu wa ubao wa mashua dhidi ya upepo: "Imeshika, baba, chungulia."

Baba akainua kichwa.

Hakuwa na kosa. Shingo yake ndiyo iliyonisikia, yeye mwenyewe hakuulizwa. Msaidizi akamrukia paji la uso kwa kiganja, daktari akavuta mikono yote miwili nyuma kama aliyegusa jiko, ile picha ukutani ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikarudi, na mimi nikasimama ili nisaidie (sijui kusaidia nini), nikakanyaga kiatu changu mwenyewe, nikaangukia meza ya vyombo, na vyuma vikamwagika sakafuni kwa mlio ambao mpaka leo nikisikia vijiko vikioshwa natoka jasho.

Halafu daktari akatazama kwenye hadubini, muda mrefu. Mimi niko chini, kofia imeniziba macho, sithubutu hata kuiinua. Nikamsikia baba akiuliza kwa adabu kabisa, "Nimefanya vibaya?"

"Wewe hapana, mzee wangu," daktari akasema. "Lala. Kuna kitundu kidogo pembeni na damu kidogo. Kikoleo kilikuwa bado hakijaingia, ni ile taa tu iliyokwaruza. Nitakiziba. Sista, mtoe huyu."

Sista alinitoa kwa kola.

Pale nje mama alikuwa kwenye benchi na tasbihi. "Mbona umetoka?" Nikamwambia wamenipa mapumziko. Aliniamini kwa muda wa kama pumzi tatu, kisha mlango wa pili ukafunguka, wakatoka wale wanafunzi wa udaktari kwenda chai, na wa kwanza kuniona, na ile kanzu yangu, na kiatu kimoja, akawageukia wenzake akawauliza, "Imeshika?" Wakamjibu wote kwa pamoja, "Chungulia." Korido nzima ikasikia, wagonjwa na bandeji zao, mfagiaji, na mama. Mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu kusema kweli walikuwa wameiga vizuri. Nikamwona mama hacheki. Sista akamwita kando, akamnong'oneza. Mama akarudi akakaa mwisho ule mwingine wa benchi, na tangu pale hakusema na mimi.

Nikatembea ile korido kwenda na kurudi. Nilikwenda mpaka langoni nikarudi, nikaenda kwenye bomba nikanywa maji nisiyoyataka, nikarudi, nikasoma bango la kunawa mikono mpaka nikalihifadhi. Ilikuwa inanijia picha ile moja tu: baba mbele ya mashua yenye tumbo, anasema imenyooka, na safari hii ni kwa sababu yangu, na safari hii hakuna rangi ya kulitengeneza jicho.

Walipomtoa, daktari akatuambia kwamba utando ameumenya wote, rangi ilimsaidia, lakini kwa kile kitundu amelazimika kujaza hewa ndani ya jicho ikibane, na hewa hupanda juu, kwa hiyo mgonjwa atalala kifudifudi, na kula kifudifudi, na kuswali kwa ishara ameinama, mpaka hewa iishe yenyewe. Kama kungekuwa hakuna kitundu angekwenda nyumbani amekaa. Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo. Si lazima kumtazama mtu ili umwambie.

Siku zile za kifudifudi ndizo zilizonikomesha. Baba alilala kitandani kwa tumbo, uso umetokeza ukingoni, anatazama sakafu, na kwa kuwa mama hasemi nami na mimi siwezi kukaa, nikaingia chini ya uso wake, nikalala chali kwenye sakafu, ikawa tunatazamana, yeye juu mimi chini, kama mtu na kisima. Nilikuwa nangoja anitukane. Siku ya kwanza alinitazama kwa lile jicho zima akasema, "Pua yako chafu." Nikaipangusa.

"Baba, nisamehe."

"Mstari ulikuwa mzuri?"

"Upi?"

"Ule wa buluu. Ulioniambia nichungulie. Mimi sikuwahi kuuona."

Nikamwambia ulikuwa mzuri, ukingo wazi, hata mwanafunzi wa ngeu angeufuata. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikatoka chini ya kitanda nikamwite mama, kumbe anacheka, anacheka kwa uso chini mpaka chozi linadondoka pale pale nilipokuwa nimelala, na mama akaja na mwiko mkononi akamwambia atulie, kucheka nako ni kutikisika. Baba akajaribu kutulia akashindwa. Mama akanitolea mwiko mimi.

Siku ya kurudi kwa daktari tulikwenda sote watatu. Hewa ilikuwa imekwisha. Daktari akamziba baba jicho la kushoto, akamshikisha ile karatasi yake yenye mistari ya kwenda juu na ya kwenda pembeni, ambayo kabla ya upasuaji baba alisema ni mkeka uliokaliwa na ng'ombe. Mimi nilisimama ukutani, mikono nyuma, nimeuma ulimi kwa meno, kihalisi. Baba aliitazama. Aliisogeza, akairudisha. Akaiinamisha kama anavyoinamisha ubao, akaipitishia jicho kuanzia huku mpaka kule, mstari mmoja mmoja, na hakuna aliyemharakisha.

"Huu wa chini una tumbo kidogo," akasema mwishowe. "Mingine imenyooka."

Daktari akasema huenda na huo ukanyooka na miezi, huenda ukabaki, hawezi kuahidi. Baba akasema mstari mmoja wenye tumbo anaweza kuishi nao, atakuwa anajua ni upi. Akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaomba akiangalie kizingiti cha mlango, akakiangalia, akasema seremala wake hakuwa makini, na hilo ni kweli, hata mimi nakiona.

Mimi nimeapa. Sitaingia tena chumba ambacho watu wanafunika midomo, kwa maana kama wenye akili wote humo wameona bora kuiziba, mimi na wangu ulio wazi natafuta nini. Na Kemia nikaifanya peke yangu ofisini kwa mwalimu, nikapata nilichostahili.

Tulipotoka kwenye korido mama alikuwa mbele, buibui linapepea, hajasema nami neno tangu siku ile ya benchi. Wale wanafunzi walikuwa wanapita, mmoja akaniona, akatabasamu, akavuta pumzi ya kusema. Mama akamtazama, yule akaimeza pumzi yake. Ndipo mama akasimama, akanigeukia, akanitengeneza kola ya shati la shule, na akasema, na haya ndiyo maneno yake hasa, sijapunguza:

"Kaombe kazi ya kuadhini, mwanangu. Huko angalau mchu akiinua kichwa kwa sababu yako, hupata thawabu."